Nicodemus Iko Wapi?

Wengi mlikuwa zamu Jumamosi ile, na tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Basi haya hapa ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wa mwaka wa jumuiya yetu hapa Wichita, Kansas, kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha; mwenye hamu nazo aje nyumbani, chai ipo.

Wazee wetu, akina mama, vijana mliobanana kule nyuma karibu na masufuria ya pilau, hamjambo?

Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ananifahamu, ndiyo maana saa yake kaivua, kaishika mkononi.

Mnanijua mimi ni dereva wa lori. Mwaka juzi mzigo wangu ulikwama pale Hays, wakaniambia hakuna kushusha mpaka kesho. Nikaiacha trela yadi, nikachukua kichwa tupu, nikasema leo nakwenda kuona mji wa watu weusi niliousikia siku nyingi. Nikapanda kaskazini hadi Stockton, nikakata magharibi kwa barabara ya 24. Ngano kulia, ngano kushoto, upepo unakisukuma kichwa kama mtoto anayetaka njia. Nikaendesha. Nikaendesha. Nikaja kushtuka nimeingia mji unaoitwa Hill City. Nikasimama kwenye pampu ya mafuta, nikamuuliza kijana mmoja: samahani, Nicodemus iko wapi?

Akanitazama, akacheka kwa adabu. Umeipita, baba, ananiambia. Maili 12 nyuma.

Mimi, dereva wa miaka kumi na saba, nimeupita mji mzima bila kuuona! Cheka tu, mama Furaha, nimekusikia.

Lakini swali hilo, ndugu zangu, mimi si wa kwanza kuliuliza. Nicodemus iko wapi? Mwaka 1878 mwanamke mmoja, Willianna Hickman, aliliuliza akiwa mgonjwa juu ya gari la kukokotwa. Nitamrudia. Kwanza tuelewane maneno.

Nicodemus ni jina la kijiji, na ni jina la kata inayokizunguka, katika kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo letu hili la Kansas. Wenyewe husema taunshipu. Mtanzania aite kata, Mkenya aite lokesheni, Wakongo mna majina yenu ya Kifaransa, siyagusi. Jueni tu kwamba taunshipu ilianzia kwenye kamba ya mpima ardhi. Mwaka 1785, kabla Wamarekani hawajawa hata na rais wa kwanza, waliamua nchi ikatwe miraba: maili 6 kwa maili 6, ndani yake miraba midogo 36, kila mmoja ekari 640. Ukipanda ndege kwenda Denver, chungulia dirishani. Nchi yote imepigwa mistari kama daftari la hesabu la mtoto wa darasa la pili. Halafu mwaka 1862 Lincoln akatia saini sheria ya Homestead: chukua robo ya mraba mdogo, ekari 160, kaa miaka 5, jenga, lima, ni yako.

Ardhi ya bure! Bure kwa nani? Hapo palikuwa na wenyewe, mataifa ya Wahindi Wekundu waliosukumwa wakatolewa ndipo kamba ikavutwa. Nalisema mapema, maana watu hao hao watarudi kwenye hadithi hii, na watarudi na chakula mkononi.

Sasa mwaka 1877. Huko kusini vita vya kuondoa utumwa vimekwisha miaka 12 nyuma, lakini mwaka huo ndio serikali kuu ilipowaondoa wanajeshi wake wa mwisho waliokuwa wakisimamia mambo. Mtu mweusi akaachwa mikononi mwa bwana wake wa jana. Na mwezi wa Aprili mwaka huo huo, hapa Kansas, watu saba wakaanzisha kampuni ya mji. Weusi sita, mzungu mmoja. Rais wa kampuni alikuwa mweusi, W. H. Smith. Mzungu ni W. R. Hill, mtu wa Indiana, kazi yake kuanzisha miji na kuuza viwanja. Jina wakachagua Nicodemus. Wengine wanasema ni Nikodemo yule wa Biblia aliyemwendea Yesu usiku; wengine wanasema ni mtumwa wa hadithi, mzaliwa wa Afrika, aliyejinunulia uhuru wake. Mimi nampenda wa pili, lakini sigombani na mchungaji.

Kisha zikatoka karatasi. Kule Lexington, Kentucky, zikasambazwa karatasi za matangazo: mtu mweusi yeyote anayetaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877, anaweza, kwa dola 5.

Karatasi! Nani humu ndani hajawahi kuaminishwa na karatasi? Mliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mnajua. Tulikaa kwenye mabenchi tukaonyeshwa picha za Marekani: jikoni kunang'aa, basi la shule la manjano. Hakuna aliyetuonyesha picha ya chumba cha baridi cha kiwanda cha nyama saa tisa ya usiku. Hawakusema uongo. Walichagua picha.

Basi na wale wakaja. Mwezi huo wa Septemba walikuja watu zaidi ya 300 kutoka Kentucky. Treni ikawashusha Ellis, wakatembea siku mbili na vitu vyao, zaidi ya kilomita 50 za majani matupu. Wale waliotangulia na waliofuata, hadithi ni ile ile.

Mama Hickman alifika majira ya kuchipua mwaka uliofuata, pamoja na mumewe, mchungaji Daniel Hickman, na watoto. Pale Ellis surua iliwakuta, baadhi ya watoto wa msafara wakafa, wakazikwa wasikokujua. Wakaendelea. Usiku waliwasha moto, wanaume wakafyatua bunduki kufukuza wanyama. Siku ya pili wanaume wakapiga kelele: ile pale Nicodemus! Mama yule, mgonjwa, akafurahi, akainuka, akatazama kwa macho yake yote. Akauliza: Nicodemus iko wapi? Siioni.

Mumewe akamwonyesha kwa kidole. Moshi. Moshi unatoka ardhini, hapa mmoja, pale mwingine. Ile ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo, wamechimba ubavuni mwa ardhi kama panya buku, wakaweka bomba la jiko juu. Miti hakuna, mbao hakuna, pesa hakuna.

Alilia. Mwenyewe alisimulia uzeeni, hakuficha: aliangua kilio.

Nataka tukae hapo kidogo, maana kila mara nikisoma habari za watu hawa nakuta wamefanywa malaika wa chuma. Hapana. Walilia. Na baadhi ya waliokuja na lile kundi la Septemba walitazama mara moja tu, wakageuza kurudi. Siwalaumu. Waliobaki walimtafuta Hill wamnyonge. Wanasema alinusurika kwa kujificha tu. Na je, mnajua Hill City, ule mji nilioingia kwa kupotea, mji mkuu wa kaunti, umeitwa kwa jina la nani? Ndiye huyo huyo. Aliyenusurika kunyongwa kapewa mji mkubwa zaidi. Dunia hii!

Majira ya baridi yakaingia. Chakula kikaisha. Kuni hawakuwa nazo, wakachoma samadi kavu ya nyati na mabua ya alizeti. Wazee wa Nicodemus wamesimuliana mpaka leo kwamba Waosage, Wahindi Wekundu waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliwakuta wakiwa hoi, wakawagawia nyama. Nilisema watarudi.

Shule ya kwanza mnajua ilikuwa wapi? Ndani ya shimo. Jenny Fletcher, binti wa yule rais Smith, alikusanya watoto kwenye shimo lake mwenyewe akawafundisha kusoma. Wazazi wao wengi, kule walikotoka, hawakupewa nafasi ya kusoma. Na shamba la kwanza? Koloni zima lilikuwa na farasi watatu. Watatu! Wengine wote walilima kwa jembe la mkono na sepetu. Wazee wangu wa Kasulu na Fizi, nani hapa hajashika jembe la mkono? Sasa chukua jembe hilo, nenda kwenye nyika ambayo haijawahi kulimwa tangu dunia iumbwe, mizizi ya nyasi imesukana kama mkeka. Ile ndiyo ilikuwa kazi yao.

Wakalima. Mvua ikaja miaka kadhaa. Mashimo yakawa nyumba za udongo wa nyasi, nyumba za udongo zikawa za mawe na mbao. Ikaja hoteli, yakaja makanisa, maduka, posta, na magazeti mawili, mawili kwa kijiji! Kijana mmoja aliyefika 1878, Edward McCabe, akapanda kutoka ukarani wa kaunti hadi kuchaguliwa mwaka 1882 kuwa Mkaguzi Mkuu wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mweusi wa kwanza jimboni kuchaguliwa cheo cha ngazi hiyo. Akarudishwa tena 1884. Miaka saba tu tangu moshi utoke ardhini.

Sasa mje karibu. Habari ya reli ndiyo iliyonifanya niombe hizi dakika ishirini.

Miaka ya 1880 huku, mji bila reli ni marehemu anayetembea. Ngano yako utaipeleka wapi? Kwa punda? Ikasikika kwamba kampuni ya Missouri Pacific inatafuta njia. Nicodemus wakasisimka. Magazeti yale mawili yakaandika reli, reli, reli. Wafanyabiashara wakaongeza maduka. Na mwezi wa Machi 1887 kata ikapiga kura: tukope dola 16,000, tuwape hao wa reli, ili waipitishe kwetu.

Dola 16,000, wapendwa. Watu ambao miaka kumi nyuma walikuwa shimoni.

Wapima njia wakaja, wakapiga vigingi. Watu wakaviona vigingi kwa macho yao. Nani asingeamini kigingi? Kisha vigingi vikabaki, reli haikuja. Missouri Pacific haikuja. Santa Fe nayo ilitajwa tajwa, haikuja. Mwaka 1888 ikaja Union Pacific, na hiyo ikapita ng'ambo ya mto Solomon, maili chache tu kusini-magharibi, ikaweka kituo chake huko, panaitwa Bogue.

Mkasikia honi, ndugu zangu. Fikirini. Jioni umekaa kibarazani, unasikia honi ya treni uliyoipigia kura, inapita kwa jirani.

Basi wenye maduka wakafanya nini? Hawakuhama tu. Walibeba majengo! Duka linainuliwa kwenye msingi, linawekwa juu ya magogo na magari, linakokotwa na farasi hadi Bogue. Leo unakwenda kununua chumvi, duka liko barabarani linatembea. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mwaka huo, ukimuuliza mtu Nicodemus iko wapi, angeweza kukujibu: nusu yake iko njiani.

Tangu hapo wanahistoria wengi wanaandika kwamba reli iliua Nicodemus. Mimi nina maoni yangu, na mwenyekiti asiniangalie hivyo. Sisemi kuitaka reli kulikuwa ujinga. Walipiga hesabu sawasawa. Lakini angalieni nani aliondoka na nani alibaki. Waliondoka wenye bidhaa. Walibaki wenye ekari 160. Mwenye duka anabeba duka. Mwenye shamba, hati yake ina namba za mraba ule wa 1785, haibebeki kwa magogo. Kijiji kilipungua, kata ikabaki. Na watu wa kata, ndio waliokitunza kijiji kile kikabaki na jina.

Kwa nini nasema haya leo? Kwa sababu ajenda namba tano ya mkutano huu ni kiwanja cha makaburi, na tunaiahirisha mwaka wa tatu. Kila mwaka tunasema tungoje: kuna mfadhili atakuja, kuna mtu kaahidi, kuna karatasi inashughulikiwa. Mwaka jana tulimzika mzee wetu kwa kuchangishana kwenye simu usiku kucha, kwenye sehemu ya kulipia, safu ambayo hakuna anayemjua jirani yake. Nani aliyekuwepo anaweza kusahau? Tunangoja reli. Vigingi tumeviona. Sina zaidi kwenye ajenda hiyo. Mtapiga kura wenyewe.

Yaliyofuata Nicodemus nayapitisha haraka. Miaka ya 1930 ukame na vumbi, shamba linapanda angani linakwenda zake. Vijana wakaenda Denver, Topeka, Kansas City, California. Posta ikafungwa 1953. Shule nayo ikafungwa. Leo kaunti nzima ya Graham ina watu kama 2,400, na kijijini penyewe wanaolala pale hawajazi meza tatu za ukumbi huu.

Jambo moja katika miaka hiyo ya njaa nitalitaja kwa sababu nililishika kwa mkono. Mwaka 1939, chini ya mpango wa Rais Roosevelt wa kuwapa watu ajira, wakajenga ukumbi wa kata. Mawe ya chokaa ya hapo hapo, rangi ya siagi. Niliporudi siku ile kutoka Hill City, polepole safari hii, ndipo nilipoegesha. Nikaweka kiganja ukutani. Saa kumi jioni, jua limelipiga jiwe mchana kutwa, joto linatoka ukutani kama ubavu wa ng'ombe. Kimya. Tena kimya cha upepo, kile ambacho unasikia bendera inapiga mlingoti na hakuna kingine. Duka hakuna. Pampu hakuna. Majengo matano ya zamani: ukumbi, makanisa mawili, ile hoteli, na shule ya 1918. Tangu 1996 mahali hapo ni eneo la kihistoria la taifa, linatunzwa na idara ile ile ya hifadhi inayotunza mabonde na milima yao mikubwa. Kama TANAPA, wale wa hifadhi za taifa za Tanzania, wakabidhiwe kijiji.

Nikajiuliza sasa kwa dhati: hii Nicodemus iko wapi?

Jibu nililipata mwaka jana, nilipokwenda na mke wangu na watoto wikendi ya mwisho ya Julai. Hamtaamini ni mahali pale pale. Magari yamepangwa kwenye nyasi mpaka barabarani, namba za Colorado, California, Missouri. Moshi! Lakini moshi wa nyama choma. Watoto mbio, wazee kwenye viti vya kukunja, maandamano, ibada, nywele za mabibi zimetengenezwa kama harusi. Wajukuu na vitukuu wa wale wa mashimoni wanarudi kila mwaka. Sherehe hii ilianza kwa kuadhimisha tarehe 1 Agosti, siku watumwa wa makoloni ya Waingereza ya Karibi walipotangaziwa uhuru mwaka 1834. Uhuru wa watu wa mbali, wakaufanya wao. Na imeendelea muda wote huo, posta ilipokuwepo na ilipofungwa.

Mama mmoja kwenye foleni ya chakula alimwuliza mke wangu tunatoka wapi. Mke wangu akasema Kigoma, Tanzania, ila tunakaa Wichita. Naye akasema yeye ni wa hapa, ila anakaa Denver. Wakaangaliana wakacheka, maana sentensi ilikuwa moja.

Wapo waliorudi zaidi ya wikendi. Veryl Switzer, mzaliwa wa Nicodemus, mwaka 1954 timu ya Green Bay Packers ilimchagua wa nne katika nchi nzima kucheza mpira wao ule wa kukumbatiana. Angeweza kuisahau ngano. Hakuisahau, alishika ardhi ya kwao, akailima, mpaka alipofariki 2022. Na sikilizeni hili: baadhi ya wakulima weusi wa huko walijaribu kupanda teff. Ile nafaka ya Waethiopia ya injera, ndogo kama mchanga! Kule Graham, katikati ya bahari ya ngano. Wahabeshi wenzetu wa kiwandani nilipowaambia hawakuniamini mpaka nilipowaonyesha.

Mwenyekiti ameinua mkono, nimemwona.

Basi tangazo, ndipo nikae. Mwaka huu tunakwenda tena, wikendi ile ile ya mwisho ya Julai. Magari sita yamejiandikisha, nafasi zipo. Ni mwendo wa kama saa 4 kutoka hapa. Mafuta tujaze Hays, tusijidanganye kuyapata mbele. Kila familia ibebe maji, viti na kofia, kivuli cha kule ni cha kugombania. Mama Furaha amesema atatengeneza sambusa, na nimemwambia atengeneze mara mbili yake, maana wenyeji wataziona. Mimi natangulia mbele, wengine mnifuate kwa karibu, na atakayekaa kiti cha pembeni yangu kazi yake ni moja: tukishapita Stockton, ahesabu maili 20 kwa sauti, nisije nikawafikisha Hill City.